Nimenyimwa viza ya masomo Uingereza kwa upungufu wa pauni 2 na peni 26, na wakala anataka nimlipe tena

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Hili jambo nimekaa nalo tangu Septemba nikisema nitalimeza liishe. Juzi usiku wakala aliyenishughulikia maombi ya chuo kanitumia ujumbe: "Habari mpendwa, dirisha la 2026 limefunguliwa, tukufungulie faili upya? Ni laki tatu na nusu tu." Mpendwa! Sikulala. Leo natema.

Nilipata ofa ya masta ya uhandisi wa maji kwenye chuo kimoja nje ya London. Ada pauni 17,500. Mwezi wa tano nikalipa dipoziti ya pauni 4,000. Mpaka hapo wakala alikuwa mtu safi kabisa, simu anapokea mlio wa kwanza. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nikafanya, mimi niliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, kwa sababu Tanzania haimo kwenye orodha yao ya nchi zinazozungumza Kiingereza. Ghana na Nigeria zenyewe hazimo, sembuse sisi. Haya, nikalipa, nikafaulu, nikanyamaza.

Tuje kwenye hela, maana ndipo nilipochinjiwa.

Uingereza wanataka uonyeshe ada iliyobaki, ujumlishe hela ya kujikimu ya miezi 9. Kwa nje ya London wakati ule ilikuwa pauni 1,136 kwa mwezi, yaani 10,224. Kwangu jumla ikaja 23,724. Zaidi ya milioni themanini za kwetu, ziwe benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja. Si wastani wa mwezi. Hata siku moja.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Aliyenilea ni baba mdogo, yuko Iringa. Ndiye aliyesaini fomu zangu za bweni, ndiye atakayenitolea mahari siku ikifika. Aliuza shamba la miti Mufindi, miti ambayo ilikuwa bado miaka michache ivunwe kwa bei nzuri, akaongeza akiba yake na mkopo wa SACCOS. Hela zote zikawa kwenye akaunti yake. Nikamuuliza wakala mara mbili, na maandishi ninayo: hela ziko kwa baba mdogo, wanakubali? Jibu lake: "Baba mdogo ni baba, usijali."

Kwa Wahehe ni kweli. Kwa serikali ya Uingereza ni uongo mtupu. Wao wanakubali akaunti yako mwenyewe, au ya mzazi aliyeandikwa kwenye cheti chako cha kuzaliwa, au mlezi wa kisheria mwenye karatasi za mahakama. Baba mdogo, shangazi, kaka mkubwa aliyekusomesha, wote hao ni wapita njia. Na hayo sikuambiwa na niliyemlipa. Niliambiwa na dogo mmoja tuliyekaa naye benchi moja Dar tukisubiri kipimo cha kifua kikuu cha viza. Alikuwa anaenda Leeds, hakuwa na wakala hata mmoja, amesoma kila kitu mwenyewe kwenye tovuti ya serikali yao. Aliposikia habari za baba mdogo akaniangalia kama mtu anayetazama gari linarudi nyuma kuelekea mtaroni.

Tarehe 30 Julai hela zikaingia kwenye akaunti yangu, nimefungua ya pauni ili kiwango cha kubadilishia fedha kisinichezee. Hapo ndipo siku 28 zinaanza kuhesabiwa upya, na masomo yanaanza mwishoni mwa Septemba. Wakala akaniandikia kwenye karatasi kiasi cha kuweka: 23,730. "Umezidisha pauni sita, uko salama."

Kesho yake, mwisho wa mwezi, benki ikakata gharama za uendeshaji wa akaunti, pauni 5 na VAT yake, 5.90. Zikabaki 23,724.10. Niko juu ya mstari kwa peni kumi na sijui kitu, naota baridi ya Uingereza.

Tarehe 27 Agosti nikaenda tawini kuomba stetimenti yenye muhuri. Nikamwambia dada wa dirishani kabisa kwamba ni ya viza. Akatabasamu, akaprinti, akagonga muhuri, akanitakia safari njema. Gharama ya kuprinti stetimenti ilikatwa kwenye akaunti ileile: pauni 2.36. Tena mashine ikaiandika kabla ya kutoa karatasi, hivyo mstari wa mwisho unasomeka 23,721.74.

Karatasi ya kuthibitisha kwamba nina hela ndiyo iliyokula hela.

Wakala akaipokea, akaipitia (kwa maneno yake mwenyewe, "nimepitia iko vizuri sana"), akaiambatisha. Tarehe 19 Septemba jibu likaja: viza imekataliwa, kiasi hakikudumu kwa siku zote 28. Upungufu, pauni 2.26. Hata elfu nane ya Kitanzania haifiki. Ni chipsi mayai na soda, na chenji ya bodaboda.

Nikauliza kama naweza kulalamika. Ipo njia ya kuomba uamuzi upitiwe upya, unalipia pauni 80, ila wanaangalia kama ofisa wao kakosea. Ofisa hakukosea. Kasoma namba iliyo mbele yake. Sina ugomvi naye, na hapa ndipo wengi mtanishangaa, lakini sheria ile imeandikwa wazi, haina fumbo. Nami ningeweza kuisoma. Nilimlipa mtu anisomee, ndilo kosa langu na nalikiri mapema kabla hamjaja na mawe.

Kilichobaki sasa. Pauni 524 za viza hazirudi. Bima ya afya walinirudishia, 1,164. (Kozi ni ya mwaka mmoja ila bima unalipishwa mwaka na nusu, kwa sababu viza inaongezewa miezi kadhaa mwishoni.) Namba ya CAS, ile ambayo chuo kinakupa ya kuombea viza, ikishatumika imetumika, lazima chuo kitoe nyingine, nacho kinasema nisubiri Septemba 2026 maana kozi yangu haianzi Januari. Cheti cha kifua kikuu ni cha miezi 6, kimeshakufa. Na tarehe 11 Novemba 2025 hela ya kujikimu ilipanda hadi 1,171 kwa mwezi. Kazi nilishaacha. SACCOS nao riba inatembea, haijui mambo ya mpendwa.

Mtaniambia wakala naye amekula hasara, kwa sababu chuo kinamlipa kamisheni mwanafunzi akishasajiliwa. Kweli. Lakini yeye ana wanafunzi wengi, mmoja akidondoka anahesabu waliofika. Ndiyo maana ukurasa wake una picha za watu uwanja wa ndege na mabegi, wanacheka. Mimi shamba la miti lilikuwa moja. Tena anakula kuwili, huku kamisheni ya chuo, huku laki tatu na nusu yangu ya "huduma". Nilipompigia siku ya kukataliwa alisema, nanukuu, "hayo ya benki ni ya kwako, sisi tunahusika na chuo." Sasa ile "nimepitia iko vizuri sana" alikuwa anapitia nini? Rangi ya muhuri?

Sijamjibu ujumbe wake. Nikimjibu saa hizi nitaandika matusi.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Naona mnauliza mengi, nijibu kwa mkupuo. Hapana, sitamtaja jina, nina madai naye na sitaki aniwahi polisi. Aliyesema ningeweka pauni 500 za ziada, uko sahihi mkuu, asante, ingekuwa Julai ningekukumbatia. Aliyeuliza baba mdogo kalipokeaje: aliuliza kama nimekula, halafu akauliza hao Waingereza wanamwitaje mtu aliyekulea. Sikuwa na jibu.

Na wale mnaonifuata PM mkitaka kujua kama wakala wenu ni wa kweli, msinitumie picha za ofisi zao. Nendeni mkamuulize swali moja tu, kwa upole: "Hela zikiwa kwenye akaunti ya baba mdogo, zinafaa?" Akisema zinafaa, beba vyeti vyako uondoke kabla hajakuletea maji ya kunywa.