MREJESHO: Hilux, M/T au A/T?

Wakuu, shukrani kwa wote. Niliuliza nifunge tairi gani, M/T (za tope) au A/T (za njia zote), kwenye Hilux inayokimbia lami ya Mbeya–Chimala halafu inapanda Matamba kwenye tope. Nimefuata waliosema A/T zenye ubavu mgumu, zote nne, saizi ileile 265/70R16.

Lami iko safi. Hazivumi, na mvua ikinyesha breki zinashika. M/T za jirani nimezipanda, zinanguruma hadi simu husikii.

Kwenye changarawe na zile kona za mlimani nazo ziko vizuri. Ila masika, kwenye mfinyanzi, nilikwama. Kashata za A/T, yale meno ya mpira yanayokanyaga chini, zimebanana. Tope likijaa halitoki, tairi inakuwa laini kama andazi. Kushusha upepo wa tairi hadi psi 20 kulisaidia pale pepesi tu, palipozama ikabidi trekta. Sasa natembea na minyororo, pamoja na pampu ya kujaza upepo kabla sijarudi lami.

Mkuu uliyesema M/T mbele na A/T nyuma, samahani, hiyo sikuijaribu. Kwa mlima ule? Hapana.

Anayeshinda kwenye tope kila siku afunge M/T tu, avumilie kelele.