Dawa ya mafua yenye pseudoefedrini: baharia akishuka Marekani anauziwa kiasi gani?

Kaunta_MwembeTayari
Salaam jamani. Swali hili halikauki hapa kaunta, na nataka jibu lenye hesabu. Baharia anapanda meli Kilindini, itatia nanga Houston. Pua yake huziba mara kwa mara, na huko anataka makasha mawili ya vidonge vya saa 12, vya miligramu 120, kasha lina vidonge 20. Atauziwa? Na mbona mwenzake huondoka na makasha matatu ya vidonge vidogo bila tatizo?

Mfamasia_Kizingo
Kasha la pili hatauziwa siku hiyo. Sheria ya shirikisho ya Marekani, iliyotiwa saini Machi 2006 ili pseudoefedrini, dawa ya kuzibua pua, isitumike kupika methamfetamini (dawa ya kulevya), haihesabu makasha. Inahesabu gramu za pseudoefedrini yenyewe, chumvi (kemikali iliyounganishwa nayo ndani ya kidonge, si chumvi ya chakula) ikiwa imetolewa, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu namba iliyo kwenye kasha ni uzito wa dawa pamoja na chumvi yake. Ikiwa chumvi hiyo ni hidrokloridi, zidisha kwa 0.82.

Kikomo ni gramu 3.6 kwa siku na gramu 9 kwa siku 30. Kasha lako: 20 mara 120 ni miligramu 2,400, mara 0.82, ni kama gramu 1.97. Mawili ni 3.94, yamevuka. Yule wa vidonge vya miligramu 30, kasha la 48: kila moja gramu 1.18, matatu 3.54. Yamepita chupuchupu. Kwa vidonge, kikomo cha siku ni 36 vya miligramu 120, au 73 vya 60, au 146 vya 30.

Siku 30 si mwezi wa kalenda. Zinahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku unayonunua, kwa hiyo tarehe mosi haifuti kitu. Katika muda huo makasha manne ya aina yako yanaingia. La tano linavuka gramu 9. Tena majimbo yana ruhusa ya kubana zaidi ya hapo.

Dawa hukaa nyuma ya kaunta au kwenye kabati la kufuli. Mnunuzi huonyesha kitambulisho chenye picha, huandika jina na anwani, hutia saini. Huandikwa pia dawa, kiasi, tarehe na saa. Daftari hilo hutunzwa miaka 2 kwa uchache. Majimbo mengi yameunganisha maduka kwa kompyuta, kwa hiyo duka la jirani litaona ulichonunua dakika kumi zilizopita na mauzo yatazuiwa. Kudanganya kwenye daftari ni jinai. Kumtuma mwingine anunue ili uvuke kipimo pia ni hatari, msijaribu.

Mwenye cheti cha daktari habanwi na vipimo hivi. Na huyo baharia aulize mapema kuhusu pasi: sheria inataka kitambulisho cha jimbo au cha shirikisho, au hati nyingine zilizotajwa kwenye kanuni, na si kila pasi ya kigeni inayotosha.

BiDawa_Likoni
Nyongeza. Dawa za aleji zenye herufi D mwishoni mwa jina, kama Claritin-D na Zyrtec-D, zina pseudoefedrini ndani na zinaingia kwenye hesabu ileile. Mtu hununua ya aleji asubuhi, jioni akanyimwa ya mafua, akadhani kaonewa.

Zile zilizo wazi rafuni, kama Sudafed PE, zina fenilefrini, kiambato kingine kinachouzwa kama cha kuzibua pua. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikubaliana kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua. Jina linafanana, kasha linafanana, kazi haifanani. Mgeuzie mteja kasha asome kiambato, asisome jina.

Na muulize presha kwanza! Pseudoefedrini haimfai mwenye presha isiyodhibitiwa. Matone ya puani ya oksimetazolini, dawa nyingine ya kuzibua pua, yanasaidia, ila yasizidi siku 3, la sivyo pua huziba zaidi ya mwanzo.

Mkaazi_Tudor
Je, sheria hii imesaidia? Nusu. Maabara ndogo za methamfetamini za majumbani zilipungua sana Marekani, lakini utengenezaji ukahamia Mexico, na huko wakapata njia zisizohitaji pseudoefedrini. Oregon iliwahi kudai cheti cha daktari tangu 2006, Mississippi tangu 2010. Zote mbili zililegeza 2022. Kwa mtazamo wangu daftari linatosha, cheti kinamtesa mgonjwa wa mafua bure.

Kaunta_MwembeTayari
Shukran sana. Na sisi huku kaunta tuangalie nini?

Mfamasia_Kizingo
Pseudoefedrini na efedrini, dawa ya jamii yake, zimo katika Jedwali la Kwanza (orodha ya kemikali za kutengenezea dawa za kulevya) la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya biashara ya dawa za kulevya, na Kenya ni mwanachama, kwa hiyo jambo hili ni letu pia. Mgonjwa wa mafua hununua stripu moja au mbili na hujali anapona lini. Anayetaka katoni, ambaye hakubali mchanganyiko wenye parasetamoli bali pseudoefedrini tupu, wala haulizi namna ya kumeza, huyo usimuuzie. Mwite mfamasia msimamizi. Angalia pia watu watatu wanaopokezana mlangoni wakitaja kitu kilekile.

Nanga_Kilindini
Meli ikipitia Japani, waambie mabaharia wasibebe kabisa. Dawa yenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoefedrini hairuhusiwi kuingia huko. Kidonge cha uzito wa miligramu 300 chenye miligramu 60 za pseudoefedrini ndani tayari ni asilimia 20.