TV ya mashuani imekufa

Ami Nahodha: Asalaam alaykum jamaa. TV ya mashuani imekata roho usiku. Sauti yatoka, picha hakuna. Swaleh, watumie picha waone.

Swaleh: [picha 3]

Mama Mkubwa: Waalaykum salaam. Kumbe mashua ina TV? Na ya kwangu yaonyesha nusu ya kioo, hakuna aliyeuliza.

Sudi Fundi: Waalaykum salaam Ami, shikamoo Mama Mkubwa. Swaleh, iwashe halafu umulike tochi kwenye kioo, ukiwa karibu kabisa. Waona kitu?

Swaleh: Naona! Mtangazaji yupo, kwa mbali kama jini

Sudi Fundi: Basi ni taa za nyuma ya kioo zimekufa. Ingekuwa ya nyumbani ningesema iletwe Mombasa nizibadilishe. Lakini angalieni picha ya pili, pale kwenye tundu la antena. Ile rangi ya kijani ni shaba imeliwa na chumvi, na skrubu zote zimeota unga mweupe. Leo utalipia taa, mwezi ujao bodi.

Ami Nahodha: Nimekuelewa. Sasa ninunue ipi? Wageni tukilala nao kisiwani Kiwayu usiku huwa mrefu.

Mama Mkubwa: Wageni gani na kusi hili? Sema mpira.

Ami Nahodha: Kombe la Dunia la 2026 laanza 11 Juni, na mashua hailali peke yake, lazima mtu ailinde 😅

Da Hafswa: Ami, sisi twabadilisha ya sebuleni, inchi 43, nzima kabisa. Ichukue bure.

Swaleh: Da Hafswa ahsante, lakini pale kati ya dirisha na rafu ni sentimita 58. Nimepima sasa hivi.

Sudi Fundi: Kwenye 58 yaingia ya inchi 24, ambayo kwa upana haifiki sentimita 56. Hata 32 haiingii, hiyo yakaribia 73. Tena ile ya Da Hafswa ni ya umeme wa volti 240, ingetaka inverta ya kugeuza umeme wa betri. Inverta hula betri yenyewe kabla haijailisha TV, hata TV ikiwa imezimwa.

Da Rukia (Uingereza): Salaam nyote. Huku ziko TV za volti 12 za karavani na boti, naweza kumpa mtu anayekuja. Lakini bei, lo! Mara mbili ya ya kawaida.

Sudi Fundi: Da Rukia weka pesa zako. Nyingi ya hizo bei yake iko kwenye neno "karavani" lililoandikwa kwenye boksi. TV ndogo za nyumbani ni za aina mbili. Iko ambayo waya wa umeme waingia moja kwa moja mgongoni, hiyo tuiache. Na iko yenye adapta ya nje, kama ya laptopu. Hiyo ndiyo ya chombo, kwa sababu ndani yake yatumia umeme wa betri tayari. Ila kibandiko cha adapta lazima kisomwe, upande wa umeme unaotoka. Kikisema 12V 3A, yaani volti 12 ampia 3, sawa. Kikisema 19V, rudisha dukani.

Ami Nahodha: Kwa hiyo nakata adapta, naunga betri moja kwa moja.

Sudi Fundi: Hapana Ami, tafadhali! Betri ya 12 haikai 12. Injini ikichaji yapanda mpaka 14.4, na alfajiri baada ya friji kunguruma usiku kucha yashuka chini ya 12. TV ya nyumbani imezoea 12 iliyotulia. Kuna kisanduku kidogo cha kusawazisha, chapokea kuanzia volti 9 mpaka 36 na kutoa 12 kamili. Chukua cha ampia 5, kile kilichomiminiwa gundi ngumu ndani, maji ya chumvi hayakipati. Kifungwe karibu na TV. Fyuzi iwe karibu na betri, kwenye waya mwekundu.

Ami Nahodha: Na waya?

Sudi Fundi: Kutoka betri mpaka kabini ni mita ngapi?

Swaleh: Kama 6. Ile ya zamani ilifungwa kwa waya wa spika.

Ami Nahodha: Swaleh, hilo hukuulizwa.

Sudi Fundi: 😂 6 kwenda na 6 kurudi. Waya mwembamba hivyo hupoteza karibu volti nzima njiani. Weka wa milimita mraba 2.5, wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Ukikosa wa bati, viungo vipakwe grisi.

Da Hafswa: Na betri itatosha? Mpira wenyewe ni wa kule Amerika, usiku usiku.

Sudi Fundi: Hapo Da Hafswa umegusa. Mechi ya kwanza na fainali ni saa nne usiku kwetu, nyingi ya nyingine ni manane na alfajiri, sola imelala. Mechi mbili ni kama muda wa saa 4, na ampia 3 kwa muda huo ni ampia-saa 12. Betri ni ya ampia-saa 100, lakini hizi za maji ya asidi usizinywe zaidi ya nusu. Toa friji, toa taa. Mechi mbili zitapita. Ya tatu, zima friji.

Mama Mkubwa: Na samaki waoze kwa ajili ya Brazil.

Sudi Fundi: Pia hakikisha TV ina DVB-T2 ndani, yaani yapokea dijitali yenyewe. Tangu analojia izimwe 2015, bila hiyo utataka king'amuzi, nacho ni mdomo mwingine kwenye betri. Dishi msahau, maji yakigeuka chombo chageuka na dishi laangalia Somalia. Antena ya kuzunguka pande zote, mlingotini.

Swaleh: Kiwayu?

Sudi Fundi: Kiwayu usitegemee antena, ni flashi tu 😄

Ami Nahodha: Nyuma ya ubao ule ndipo dira ilipo. Yadhuru?

Sudi Fundi: Spika zina sumaku. Kabla ya kutoboa, Swaleh aishike TV pale pale, wewe tazama sindano. Ikicheza, hamisheni, halafu mjaribu tena ikiwa imewashwa.

Ami Nahodha: Nimekupata. Nakutumia pesa kwa simu, ninunulie wewe. Nani aja Lamu?

Da Hafswa: Mimi Alhamisi, kwa basi.

Ami Nahodha: Usiiweke butini, ipakate. Swaleh atakupokea gatini Mokowe.

Mama Mkubwa: Sudi, hiyo tochi nimeijaribu kwenye ile nusu nyeusi. Picha ipo.

Sudi Fundi: Basi yako yapona Mama Mkubwa. Mpe Da Hafswa akirudi Mombasa.

Da Hafswa: Sasa mimi ni gari la mizigo?