Kutia injini ya 3L ya dizeli kwenye pikapu ya Hilux ya 1981 iliyokuwa na injini ya 12R

Mwana wa Ganda
Salaam aleikum mafundi. Nina Hilux RN30 ya 1981, petroli, injini ya 12R. Kazi yake ni kubeba mawe ya kukata na makuti, Ganda hadi Malindi mjini, mara nyingine Watamu. Injini ni cc 1587 na imechoka: yala oil, na ikipakia mawe, mwinuko mdogo tu yataka gia ya pili. Mombasa nimeonyeshwa injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, ex-Japan (iliyotumika Japani), cc 2779, imetolewa kwenye Hiace pamoja na giaboksi yake. Je, yaingia bila kukata chasisi? Giaboksi nitumie ipi? Na nidai nini kwa muuzaji kabla ya kutoa pesa?

Fundi Gede
Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwa mzigo 3L ni chaguo zuri. Pampu yake ya dizeli ni ya kimekanika, haina kompyuta, na spea zapatikana kwa urahisi. Lakini ya Hiace ina mambo yake.

Giaboksi ya 12R haishiki kwenye 3L, matundu hayalingani. Ya Hiace yashika injini, ila dereva wa Hiace hukaa mbele, kwa hivyo gia zake huvutwa kwa mbali. Haina pa kusimamisha mkono wa gia kwenye sakafu ya pikapu. Tafuta giaboksi ya Hilux ya dizeli yenye injini ya L, 2L au 3L, na ununue flaiwili, klachi na kava lake kwa pamoja. Beringi ndogo ya katikati ya flaiwili weka mpya.

Sampu, bakuli la oil chini ya injini, ndiyo itakayokusumbua. Umbo la sampu ya Hiace si la Hilux, na kwenye pikapu yaweza kugonga kros memba, kile chuma kinachokatiza chasisi chini ya injini. Usikate kros memba hata fundi akikwambia ni kidogo tu. Hiyo ndiyo inayobeba sehemu ya mbele. Badili sampu kwa ya Hilux, na bomba la kufyonza oil lenye chujio libadilishwe pamoja nayo. Ukitia sampu moja na bomba la nyingine, mdomo wa bomba waweza kukaa juu ya oil, na kwenye mteremko injini ikafyonza hewa. Beringi hazitakusubiri.

Maunti, yaani vishikizo vya injini kwenye chasisi: Hilux za umbo hilohilo zilitoka pia za dizeli, LN30 na LN40, zikiwa na L ya cc 2188. Bloku ni za ukoo mmoja, kwa hivyo tafuta mikono ya maunti ya LN kwa wauza magari ya kuvunjwa. Shusha injini ikiwa na giaboksi, shikiza maunti kwa vidoti vya weldi tu, pima feni na redieta, pima mkono wa gia, kisha ndipo uchomelee kabisa. Kabla ya hapo gonga chasisi kwa nyundo kuanzia maunti hadi nyuma ya kebini. Magari ya pwani huliwa na chumvi kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa nzima. Sauti ikiwa butu, au kutu ikibanduka kwa matabaka, tia bamba la mm 4 kwanza.

Kabla ya kulipa, pima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Karibu 450 psi ni injini nzima, chini ya 285 iache, na tofauti kati ya silinda isizidi 70. Taimingi belti, tensheni, wota pampu na sili ya nyuma ya kranki badili injini ikiwa bado chini. Belti ya 3L ikikatika, valvu hugonga pistoni.

Waya Nyekundu
Naongeza ya umeme na breki. Dai alteneta ileile ya dizeli, yenye pampu ya vakyumu mgongoni. Dizeli haina mvuto wa hewa kama wa kabureta, kwa hivyo bila pampu ile busta ya breki, inayokuongezea nguvu ya kukanyaga, haifanyi kazi, na gari lenye mawe halisimami. Pampu hiyo hulainishwa na oil ya injini: paipu nyembamba huleta, nene hurudisha. Ile ya kurudisha ikipindwa au ikibanwa na klipu, oil hujaa na kufyonzwa na busta. Ukimaliza, zima injini, kanyaga breki mara tano hadi pedeli iwe ngumu, ishikilie hapohapo kisha piga staata. Pedeli ikizama kidogo, busta iko sawa.

Plagi za kupasha moto: soma volti iliyochapwa kwenye kila moja. Zimo za volti 6 zinazotegemea taima yake, na zimo za 12. Ukiunganisha za 6 moja kwa moja na swichi ya kubonyeza zitaungua, na ncha yaweza kudondokea ndani. Joto letu la Malindi lisikudanganye, 3L asubuhi yataka plagi. Tumia rilei ya amp 60 au zaidi, na waya wa mm² 10.

Kuna pia solenoidi ya kuzimia, valvu ya umeme, juu ya pampu ya dizeli. Yataka volti 12 kamili muda wote injini ikiwaka. Wengi huchukua ule waya wa koili ya 12R, na mara nyingi waya huo umepita kwenye rezista, kipunguza umeme, kwanza. Umeme ukiwa mdogo injini huzima bila mpango. Uchukue kabla ya rezista. Betri iwe N70.

Geji ya moto kwenye dashibodi imezoeana na sensa ya 12R. Ihamishe sensa hiyo, hata kama itabidi kuchongewa adapta. Ukiacha ya 3L geji itakudanganya, na hedi za ukoo huu zikichemka hupasuka kati ya valvu.

Mwana wa Ganda
Shukran sana. Na tangi? Difu yangu ya ekseli ya nyuma je? Wapo wanaoniambia nitoe thamostati kwa sababu ya joto la huku.

Kakuyuni Dizeli
Thamostati usitoe. Ile yenye diski ya chini huziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita redieta. Weka redieta ya dizeli na kava la feni, na kulanti (maji maalum ya redieta) ya dukani. Maji ya kisima yana chumvi; usiyatie.

Tangi lishushwe lioshwe. Dizeli hubandua uchafu wa miaka yote ile na kuziba filta. Pampu hurudisha mafuta mengi, kwa hivyo paipu ya kurudi, mm 6, ifike hadi tangini, na kati ya tangi na pampu tia kitenga maji. Paipu ya mabati usitumie. Ukitoa hewa, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu, legeza nati za nozeli, piga staata, kisha funga moja baada ya nyingine mafuta yakiruka.

Difu jipimie: inua gurudumu moja la nyuma, lingine libaki chini, gia iwe nyutro. Zungusha lililo juu mara 2 kamili huku ukihesabu mizunguko ya propela, shafti itokayo giaboksi hadi difu. Ikizunguka mara 4 na kidogo, uwiano wa difu ni kama 4.1. Kwa tairi la mzunguko wa m 2.1, kasi ya 80 kwenye gia ya nne ni kama rpm 2,600, na 3L hutulia hapo. Ukipata 4.5 na zaidi, italia sana barabara ya Kilifi. Tafuta giaboksi ya gia tano.

Propela itabidi irekebishwe urefu. Ikatwe na kubalansiwa karakana yenye mashine, isiwe kwa macho.

Fundi Gede
Nilisahau kugusia karatasi. Logbook yako imeandikwa namba ya injini ya 12R, cc na petroli. Ukibadili, peleka mabadiliko NTSA, mamlaka ya usafiri, na gari likaguliwe, kisha ujulishe bima. Muuzaji akupe risiti yenye namba ya injini na karatasi za forodha, na uilinganishe na iliyogongwa kwenye bloku herufi kwa herufi. Ikiwa imekwanguliwa, usinunue kwa bei yoyote.