Mjadala: Mheshimiwa aruhusiwe kununua jogoo kwenye mnada wa kanisa?

Mzee wa Baraza: Tumsifu Yesu Kristo. Jumapili ijayo ni harambee ya paa, na baraza la parokia limegawanyika: wanasiasa wakija, wapandishe bei mnadani, au wakae kama waumini wengine? Mimi nasema wakae. Mwaka jana mama mmoja mjane alileta jogoo wake. Wenzake wakaanza na 500, ikafika 1,200, watu wanacheka, mnada umechangamka. Mheshimiwa akasimama: "Elfu hamsini!" Kuanzia hapo hakuna aliyeinua mkono. Trei za mayai zilibaki juani mpaka jioni. Aliyekuja na 300 yake aliona haya kuitoa.

Mlipakodi: Milele amina. Mzee, umenena. Mshahara wa mbunge unajulikana. Akitoa laki hapa, milioni kule, kila wikendi, zinatoka wapi? Harambee ya Mzee Jomo Kenyatta ilikuwa watu kujenga shule kwa mikono yao. Hii ya sasa ni kampeni kabla ya kampeni.

Fundi wa Mabati: Paa haliezekwi kwa maadili. Mabati yanauzwa dukani kwa pesa taslimu, na mvua ikinyesha wakati wa misa tunaloa sote, mwenye msimamo na asiye nao. Mwacheni anunue jogoo. Na kama pesa za siasa zinawachoma sana, anzeni na kwaya. Ndio wa kwanza kumtungia mheshimiwa wimbo ili wapate sare mpya.

Mwanakwaya, sauti ya tatu: Fundi, hapo umetukosea. Sare tulizovaa Pasaka tulichangishana wenyewe, kila mtu alitoa chake, hata wasio na kazi walilipa kidogo kidogo. Nani aliyemwimbia mheshimiwa? Mtaje.

Mlipakodi: Tusisahau ya kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, Novemba 2024. Rais Ruto alitoa milioni 2 za nyumba ya padre, Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi akasema zirudishwe.

Fundi wa Mabati: Malizia basi. Kulikuwa na 600,000 pia. Za nani? Za kwaya na baraza la umisionari la parokia! Sikuzua.

Mwanakwaya, sauti ya tatu: Kwaya ile si sisi. Na haikuomba, ilipewa mbele ya kamera. Ungekuwa wewe umesimama pale, ungekataa mkono wa Rais?

Mama Jumuiya: Wanangu, punguzeni ukali. Sisi wa jumuiya ndogo ndogo ndio tunaoleta ndizi, kuku na mayai. Ninachotaka ni vitu vyangu vinunuliwe na mtu atakayekwenda kuvila. Jogoo akinunuliwa na mheshimiwa anapewa padre, padre anamrudisha mnadani, anauzwa tena. Mara tatu jogoo huyo huyo! Jioni nilimkuta amefungwa miguu chini ya meza, hajapewa hata maji.

Kijana wa Roysambu: Sisi tulijifunza Machi 2025. Rais alitangaza milioni 20 kwa kanisa moja hapa kwetu, Jumapili iliyofuata barabara ilijaa vijana wa kupinga na polisi. Tulikuwa tumewazika wenzetu waliouawa kwenye maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Muswada wa Fedha. Pesa kama hizo si sadaka.

Mzee wa Baraza: Na tukumbuke Rais mwenyewe, Julai 2024, alitangaza maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Sheria ya maadili ya 2003 nayo ilimkataza mtumishi wa umma kutumia cheo chake kuwashinikiza watu wachange. Tatizo la sheria tulishalimaliza, tumebaki na tamaa yetu. Naomba turudi kwenye swali: tuweke kikomo cha bei mnadani?

Fundi wa Mabati: Kikomo cha bei si mnada tena, ni duka. Lakini kabla ya hapo, kwaya itoe daftari la sare tuone majina ya waliochanga.

Mwanakwaya, sauti ya tatu: Daftari lipo kwa mweka hazina wetu. Kamati ya ujenzi itoe lake kwanza. Pesa za jogoo wa mwaka jana zilinunua mabati mangapi, na ni nani aliyeyapandisha?

Fundi wa Mabati: Unaniita mwizi?

Mwanakwaya, sauti ya tatu: Nimeuliza idadi ya mabati.

Mama Jumuiya: Hata mimi nataka kuisikia.