Siku moja Kuala Lumpur kwa ringgit 120, naombeni ushauri

Mpiga Kasia: Wakuu, habari za usiku. Tunatua Kuala Lumpur alfajiri, kesho yake asubuhi tunapanda basi la Penang pale TBS, kituo kikuu cha mabasi. Mabegi ni ya mgongoni, bajeti ya siku ringgit 120. Vitanda nimeshalipia hosteli moja karibu na Petaling Street, na pesa hairudishwi. Mapango ya Batu Caves na mjini nitaviwahi vyote? Hata usingizi sipati.

Kinara wa Sinza: Unawahi. Ile treni ya haraka ya uwanja wa ndege, KLIA, ni ringgit 55 kwa kichwa, achana nayo. Panda basi hadi KL Sentral, hulipi hata nusu yake. Hapohapo kuna treni ya KTM ya Batu Caves, nauli chenji tu. Wahi, jua likichomoza zile ngazi 272 utazijua jina moja moja.

Baharia Mstaafu: Port Klang tumeshusha sana mizigo. Tukitoka melini ni kwa Mhindi, roti canai na mchuzi wa dengu, unashiba mpaka jioni. Nyie wa siku hizi kazi yenu picha.

Bibi Tangawizi: Mwanangu, "tunatua" wewe na nani?

Mpiga Kasia: Na mtu mzima mmoja. Hana shida.

Bibi Tangawizi: Mtu mzima nani?

Mpiga Kasia: Mama mkwe. Mke wangu anasoma Penang, kajifungua, mama anakwenda kumlea. Tiketi ya kuishia KL ilikuwa nafuu. Na msinielewe vibaya, chumba ni cha watu wanane. Yeye nimemwekea kitanda cha chini, mimi nalala cha juu yake.

Kinara wa Sinza: Cha juu yake!!! Kwetu hata kiti alichoinuka mkwe hukikalii.

Mpiga Kasia: Magoti yanamsumbua, sasa nimpandishe yeye?

Fundi Saa: Hii chai. Mwezi uliopita ulifungua uzi humuhumu unatafuta mchumba, "awe mrefu na awe na kazi". Leo una mke, kichanga na mama mkwe?

Mpiga Kasia: Aliandika mdogo wangu, simu tunatumia moja. Turudi kwenye mada. Mama mwenyewe hajalalamika.

Bibi Tangawizi: Umemwambia?

Mpiga Kasia: Nitamwambia tukifika.

Fundi Saa: Ongeza sukari.

Mwana Pangani: Iwe chai isiwe chai, wengine tunajifunza. Mwenye magoti mabovu unampelekaje kwenye ngazi? Mpeleke Masjid Jamek, pale mito Klang na Gombak inapokutana, apumzike. Jioni minara ya Petronas mtaitazama bure kutoka bustani ya KLCC. Ile fomu ya mtandaoni ya kuingia Malaysia jazeni wote ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Na mtafutie mama kitanda chumba cha wanawake, hata kwa kuongeza hela.

Mpiga Kasia: Kuongeza kutoka wapi? Ringgit ndiyo hizo.

Kinara wa Sinza: Mtu mrefu mwenye kazi angekukopesha.

Baharia Mstaafu: Samahani kwa kuingilia, hilo basi la Penang mtu anaweza kushukia Ipoh?