Uraia skulini, redio na amani yetu: yasemwe au yanyamaziwe?

Mwanafunzi wa Chake
Assalamu alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne na naomba tujadili bila ya kutukanana. Uraia tunausoma kwa Kiingereza: mihimili ya dola, haki za binaadamu, bendera, nembo. Tunakariri, tunafanya mtihani, basi. Majuzi tulifika kwenye utatuzi wa migogoro, na mifano yote ilikuwa ya nchi za mbali. Nikauliza: na Januari 2001 hapa Pemba, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa upinzani? Mwalimu hakunigombeza. Aliangalia mlango kwanza, kisha akasema, "Hilo halimo, kaa kitako."

Nyumbani nikafungua redio. Uzinduzi, ziara, mgeni rasmi. Taarifa nzima imetajwa amani, na hakuna kiongozi aliyeulizwa hata suala moja. Ya 2001 nayasikia kwa bibi yangu, aliyevuka kwa ngalawa hadi Shimoni, Kenya. Wenzangu wanayasikia kwenye sauti za WhatsApp, kila mmoja na yake. Mtoto asiposomeshwa skulini yaliyotokea kwao, atakuja kusomeshwa na mwenye hasira kuliko wote. Na wazee wa barzani wanaotwambia tutunze amani wenyewe hawasemezani tangu vyama vingi virudi. Sasa skuli na vyombo vya habari viseme wazi, au tunyamaze?

Mkaa Barzani
Wa alaykumu salaam mwanangu. Kabla ya uraia anza na adabu. Nani kakwambia wazee hatusemezani? Barza yetu ya Mji Mkongwe inanywa kahawa chama hichi na chama kile. Asubuhi tunabishana mpaka mishipa inatutoka, alasiri tumo pamoja mazikoni. Usitutie sote kapu moja.

Binti Mtambwe
Ami, huko Mjini labda. Kwetu baada ya uchaguzi wa 1995 watu waligomeana: duka la fulani usinunue, gari ya fulani usipande, harusi usiende. Na maziko pia. Babu yangu alipofariki, jeneza lilibebwa na watu wa kijiji chengine. Majirani tuliokula nao miaka yote walikuwa wamekaa vibarazani kwao wanatutizama tunapita. Nilikuwa mdogo lakini nyuso zao nazikumbuka mmoja mmoja. Kwa hiyo usimwambie mtoto huyu kakosa adabu. Kasema kweli.

Kwahani Asilia
Waliogomea ni nani? Si nyinyi wenyewe? Mliwagomea watu wa CCM hadi kisimani, leo mnataka isomeshwe skulini kama kwamba mlionewa peke yenu. Na siku hizi kila Mpemba bibi yake alivuka Shimoni. Hizo ngalawa zilikuwa ngapi?

Kijana wa Wete
Kwahani, chunga ulimi wako. Waliovuka walizidi elfu mbili na waliandikishwa kama wakimbizi. Wapo waliohamishiwa Dadaab na wengine wakafika hadi Mogadishu. Tanzania ambayo ikisifiwa kwa amani Afrika nzima ilitoa wakimbizi kwa mara ya kwanza, na wewe unaniuliza idadi ya ngalawa?

Binti Mtambwe
Na mimi sikusema nani aligomea nani. Babu yangu alikuwa CCM. Umenijibu kwa chuki kabla ya kuniuliza.

Kwahani Asilia
Sawa, hilo sikulijua, na Mungu amrehemu. Lakini hoja yangu iko palepale: mkifukua makaburi hamtoweza kuyafukia.

Mwalimu Mstaafu
Naijua hofu ya mwalimu anayetizama mlango, nimeishi nayo kazini. Lakini nyinyi mnaotaka kila kitu kisemwe, mjue pia tulikotoka. Baina ya 1957 na 1964, tunazoziita Zama za Siasa, tulikuwa na magazeti ya kila upande. Mwongozi huku, Afrika Kwetu kule, na mengine mengi. Yalisema wazi, na kila moja lilisema na watu wake tu. Nani mgeni, nani mwenye nchi, nani mtumwa wa nani. Juni 1961 fujo za uchaguzi ziliua watu 68. Rwanda 1994 RTLM ilikuwa redio kama redio nyengine, ikiwataja watu wa kuuliwa baina ya muziki na muziki. Mimi si mtetezi wa ukimya. Nasema mtangazaji na mwalimu wafunzwe kwanza namna ya kueleza jambo bila ya kulichochea.

Kalamu ya Mkoani
Mwalimu, kwa heshima yako, hatuwezi kusubiri wafunzwe huku mlango umefungwa. Gazeti la Dira lilianza kuuliza masuala, 2003 likafungiwa. Amani gani tuliipata kwa kulifunga? Januari 2001 watu wa Pemba walikuwa wanasubiri BBC Idhaa ya Kiswahili ili wajue kilichotokea maili chache kutoka nyumbani kwao. Nchi iliyokuwa na televisheni ya rangi kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote!

Kwahani Asilia
Televisheni hiyo aliifungua Mzee Karume, rais wetu wa kwanza, usisahau kumshukuru.

Kalamu ya Mkoani
Mzee Karume aliuawa Aprili 1972. TVZ ilianza kurusha matangazo baada yake, zama za Jumbe aliyemrithi.

Kwahani Asilia
Wazo lilikuwa la nani?

Mkaa Barzani
Hapo Kwahani yuko sawa, mipango ilianza zama za Mzee. Nakumbuka watu wakikusanyika uwanjani usiku, televisheni ya jamii, watoto mbele wazee nyuma.

Mwanafunzi wa Chake
Nimeuliza skuli, tumefika televisheni ya rangi. Ami Mkaa Barzani, sikukusudia kukuvunjia heshima, wa kwetu wamo pia. Lakini mbona hakuna anayetaja 2010? Novemba 2009 Rais Amani Karume, mtoto wa Mzee, na Maalim Seif wa chama cha upinzani CUF walikaa wakazungumza. Julai 31, 2010 ikapigwa kura ya maoni, asilimia 66 wakataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa Oktoba ukapita bila ya damu. Yale yalizungumzwa misikitini, redioni na barzani, na nchi haikuungua. Hata hayo ya kujivunia hatusomeshwi!

Kijana wa Wete
Ukitaja 2010 taja na 2015. Oktoba 28 Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, katangaza kwenye televisheni ya serikali kuwa uchaguzi umefutwa, matokeo mengine yameshatangazwa. Machi 2016 ukarudiwa na wapinzani wakuu wakaususia. Nitafutie mwalimu wa uraia atakayesimama darasani akaeleza hilo.

Mama Saidi
Nyote mnasema ya wakubwa. Mwanangu ametimiza miaka 18 na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi hajapata, na bila ya hicho haandikishwi kwenye daftari la wapiga kura. Kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu, kaambiwa cheti cha kuzaliwa kina "Saidi" na skuli wameandika "Said". Njoo kesho, njoo Jumatatu, sheha kasafiri. Mtoto kafaulu uraia vizuri na hajui alalamike wapi. Na mimi sijui.

Kwahani Asilia
Masheha lazima wachunguze, bibi. Watu wanaingia kutoka kila upande kutaka kitambulisho.

Mama Saidi
Kazaliwa Mnazi Mmoja, kasoma Jang'ombe. Aingie kutoka wapi?

Kalamu ya Mkoani
Hichi ndicho kipindi ninachokitaka redioni. Sheha akae studio, ofisa wa Wakala wa Usajili, wanaotoa vitambulisho, akae pembeni yake, na Mama Saidi apige simu aulize. Redio jamii ziko karibu na watu, Micheweni ipo, zianze wao.

Kijana wa Wete
Sheha akubali kuulizwa hewani? Labda siku ya kiama.

Mwalimu Mstaafu
Mama Saidi, usiende mikono mitupu. Chukua cheti, kiapo cha jina mbele ya wakili au hakimu, na barua ya skuli, umpelekee sheha. Akikataa, muombe aandike sababu na tarehe. Kisha nenda ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ya wilaya yako na karatasi hiyo. Mwambie mwanao aende na wewe, yeye ndiye azungumze.